Sensa ya tatu haitaizima taa: anza na waya

"Mimi ni mwalimu. Naishi Malindi, Muyeye, na nafundisha upande wa Gongoni, kwa hivyo gari langu liko barabarani kila siku. Ni Toyota NZE ya mwaka 2003. Taa ya injini iliwaka mwezi wa Mei, mvua ilipokuwa kali. Fundi akapima kwa mashine, akasoma P0135, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Akaniwekea ya mtumba. Taa ikazima siku mbili, ikarudi. Fundi wa pili akaleta mpya, lakini haikuwa na soketi, basi akakata nyaya za ile ya mtumba, akaziunga kwa risasi ya kulehemu, akapaka silikoni ili maji yasiingie, akafunga tepu. Tangu hapo gari linakula mafuta ajabu, asubuhi moshi unanuka petroli, na likisimama huku injini inanguruma linatetemeka. Fundi wa tatu anataka atoe masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, tena anasema kuna watu watayanunua. Wa nne anasema ni kompyuta. Jirani anasema petroli yetu ina risasi inayoua sensa. Ninunue sensa ya tatu au niuze gari?"

Mwalimu, pole sana. Gari usiuze, na sensa ya tatu usiinunue kwanza. Nikisoma maelezo yako naona magonjwa mawili yamepandana. La kwanza liko kwenye gari tangu Mei na hakuna aliyeligusa hadi leo. La pili lililetwa na matengenezo yenyewe. Ndiyo maana kila fundi anayefungua boneti anatoka na jibu lake, na hakuna jibu linalofanana na la mwenzake.

Tuanze na ile nambari, maana hapo ndipo pesa zako zilipoanza kupotea. P0135 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kwamba kompyuta ya injini ilijaribu kuipasha moto sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, na umeme wa hita, yaani kipasha joto kilicho ndani ya sensa, haukupita ilivyotarajia. Imeishia hapo. Sasa fikiria njia ya umeme huo: unatoka kwenye betri, unapita fyuzi na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), unafuata waya hadi kwenye soketi, unaingia kwenye sensa na kuipasha hita, halafu unatoka kwa waya mwingine hadi kwenye kompyuta, ambayo ndiyo inayoufungulia mlango wa kurudi hasi. Njia ikikatika popote hapo katikati, nambari ni ileile. Mashine haioni mahali palipokatika. Anayeona mahali ni fundi mwenye mita ya umeme mkononi, na katika yote uliyoniandikia sijasoma mita hata mara moja.

Halafu zile siku mbili ambazo taa ilizima. Nadhani zilikufanya uamini kwamba sensa ya mtumba ilifanya kazi kidogo, kisha ikafa. Haikuwa hivyo. Fundi akifuta nambari kwa mashine, taa huzima hata kama hakugusa chochote. Na kwenye Toyota, kasoro ya hita lazima ionekane katika safari mbili zinazofuatana ndipo taa iwake: safari ya kwanza kompyuta huiweka kumbukumbu na kunyamaza, ya pili huiwasha taa. Wewe unaenda Gongoni na kurudi kila siku, kwa hivyo muda ule ulikuwa ni wa kompyuta kuhakikisha tu. Kasoro ilikuwepo tangu fundi alipofunga boneti.

Nieleze sensa yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo huwezi kumhoji fundi yeyote. Ndani ya ile ncha ya chuma yenye matundu kuna kikombe kidogo cha kauri iitwayo zirkonia. Upande wa nje wa kikombe hicho unaoga moshi wa injini, upande wa ndani unagusana na hewa ya kawaida, ambayo ina oksijeni kama asilimia 21. Kauri hiyo ikishapata moto wa kutosha, kuanzia nyuzi joto 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili huzaa umeme mdogo. Moshi ukiwa hauna oksijeni, yaani petroli imezidi, sensa hutoa karibu volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, inashuka hadi karibu 0.1. Kompyuta inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, kwa hivyo ikiona volti imepanda hupunguza mafuta, ikiona imeshuka huongeza, na kwenye gari lisilo na kasoro mchezo huo wa kupanda na kushuka hauishi.

Hita iko pale ili sensa iamke mapema na isipoe gari linaposimama. Ikikosa umeme, kompyuta hukaa muda mrefu ikitumia hesabu iliyohifadhiwa kiwandani, na mafuta huongezeka kidogo. Kidogo. Hita pekee haielezi harufu ya petroli unayoisikia asubuhi wala huo mtetemo. Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wa pili.

Angalia tena nilichosema: upande wa ndani wa kauri unahitaji hewa ya kawaida. Inaingilia wapi, na sensa imefungwa kwa chuma pande zote na kukazwa kwenye ekzosi? Kwenye sensa nyingi inaingia kupitia nyaya zenyewe, kwenye upenyo mwembamba ulio kati ya nyuzi za shaba na plastiki inayozifunika. Fundi wako wa pili alifanya kazi ambayo kwenye taa ya nyuma au pampu ya maji ningemsifu. Aliunganisha kwa risasi, na risasi ikiyeyuka hupanda na kujaza upenyo ule. Juu yake akapaka silikoni. Sensa inakosa hewa ya kulinganisha nayo, umeme wake unashuka, kompyuta inaona volti ndogo na kudhani petroli haitoshi, inaongeza. Bado ndogo, inaongeza tena. Moshi unanuka petroli, plagi zinashika masizi, gari linatetemeka, na kompyuta haijakosea hata kidogo. Inatii habari ya uongo.

Silikoni yenyewe ni sumu kwa sensa. Mvuke wake ukiingia kwenye moshi, kwa mfano mtu akiziba gasketi ya ekzosi kwa silikoni ya kawaida, huacha utando mweupe kwenye ncha na sensa haifufuki. Siku hiyo sensa itakapofunguliwa, itazame ncha: nyeupe ya unga kama chaki si dalili njema, nyeusi ya masizi inaonyesha petroli imezidi, kijivu au kahawia hafifu ni ya kawaida.

Na kuna jambo la rangi, ambalo limewachomea watu wengi sensa mpya. Ukinunua sensa isiyo na soketi, rangi za nyaya zake hufuata kiwanda chake. Kwenye sensa za Denso, ambazo ndizo Toyota nyingi hutoka nazo Japani, nyaya mbili nyeusi ni za hita, ya buluu ni ya ishara, nyeupe ni ya hasi ya ishara. Kwenye za Bosch na NTK, nyaya mbili nyeupe ndizo za hita, nyeusi ndiyo ya ishara, kijivu ndiyo hasi yake. Umeona hatari iliyopo? Nyeusi ya kiwanda kimoja ni hita, ya kingine ni ishara. Fundi akiunga nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe, kazi inaonekana nadhifu, na ndani umeme wa volti 12 umepelekwa mahali panapotegemea chini ya volti moja. Kanuni ya kushika ni kwamba nyaya mbili zenye rangi moja ndizo za hita, kiwanda chochote kile. Toa tepu, tazama rangi za pande zote mbili za kiungo, piga picha kwa simu. Kama nyeusi imeungwa kwa nyeusi na sensa mpya ni yenye nyeupe mbili, usiwashe gari tena mpaka hicho kiungo kikatwe. Volti 12 kwenye waya wa ishara zinaweza kuiumiza kompyuta, na hapo yule fundi wa nne atakuwa amepata haki yake kwa njia mbaya.

Turudi sasa kwenye ugonjwa wa kwanza, ule wa Mei. Hapa nina shaka moja kubwa, nayo ni chumvi. Gari linalolala Muyeye upepo wa kusi ukivuma linalala kwenye ukungu wa bahari. Mchana linapita daraja la Sabaki kwenda Gongoni, kwenye viwanja vya chumvi na malori yake, na barabara ikiwa na maji kila kidimbwi hapo kina chumvi. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu hata siku isiyo na mvua. Ikifika kwenye kiungo cha shaba, shaba inageuka kijani, inakuwa unga, na unga huo haupitishi umeme vizuri. Baya zaidi ni kwamba huo uozo hausimami kwenye soketi. Unapanda ndani ya waya, chini ya plastiki, na kwa nje waya unaonekana mpya kabisa. Uuguse kwa vidole: waya mzima hupinda na kurudi, waya uliooza ndani ni mgumu sehemu moja na laini kama kamba sehemu nyingine. Ukiukata unakuta nyuzi nyeusi au kijani badala ya rangi ya shaba.

Nitaongeza kitu ambacho hukuuliza. Ukipeleka gari kuoshwa, waambie vijana wasipulize injini kwa pampu ya presha. Soketi za gari la miaka hii zina mipira iliyokauka, na maji ya presha hupita pale ambapo mvua isingepita.

Sasa vipimo. Vyote ni vya mita ya kawaida na balbu moja ya breki ya wati 21. Unaweza kuvifanya mwenyewe na mtu wa kukusaidia, au ukasimama pembeni fundi akavifanya, na hilo la pili napenda zaidi, kwa sababu utaona nambari kwa macho yako.

Injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya sensa ya mbele. Ichunguze ndani kwa tochi ya simu: unga wa kijani, pini iliyolegea, plastiki iliyoyeyuka kwa kugusa ekzosi. Kisha upande wa sensa, pima ukinzani kati ya zile nyaya mbili za rangi moja. Toyota nyingi za umri huu zinasoma omu 11 hadi 16 kwenye nyuzi joto 20. Mchana wa Malindi una joto kuliko hapo, kwa hivyo ikipanda kidogo usishtuke. Mita isiposoma kitu, hita imekatika kweli, na fundi wa kwanza atakuwa amesema ukweli kuhusu hiyo sensa. Ikisoma vizuri, sensa haina hatia ya P0135. Angalizo moja: usipime ukinzani kwenye waya wa ishara. Mita hutuma umeme wake inapopima omu, na kauri ile haiupendi.

Hapa pia utajua kama sensa ya mtumba ilikuwa ya gari lako. Toyota wana sensa za aina mbili zinazofanana kwa macho. Ya oksijeni ya kawaida nambari yake ya spea huanza na 89465. Ile nyingine, inayopima uwiano wa hewa na petroli kwa njia tofauti, huanza na 89467, na hita yake ina ukinzani mdogo sana. Hazibadilishani. Dukani wakikwambia ni mulemule, waoneshe nambari.

Kipimo cha pili ni umeme unaofika. Ufunguo kwenye ON, injini haijawashwa, soketi ya upande wa gari wazi. Waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu unapapasa pini moja baada ya nyingine hadi upate inayosoma kama betri. Wengi huishia hapo, wakiona 12 wanasema waya mzima. Hapa ndipo wanapokosea, kwa sababu mita haitumii umeme wowote wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja ni kama mfereji ulioziba kwa chokaa: ukiwa umefungwa presha ni kamili, ukiufungua yanatoka matone. Hita inataka karibu ampea moja, basi mlazimishe huyo waya atoe ampea. Shika balbu ya breki, mguu mmoja kwenye pini ile, mwingine kwenye hasi ya betri. Balbu iking'aa kama ilivyo kwenye breki, waya wa kuleta umeme ni mzima. Ikiwa hafifu au haiwaki huku mita ilisoma 12, umeshapata ugonjwa wako wa Mei. Balbu ikiwa inawaka, pima pia volti kwenye pini hiyo na kwenye betri kwa wakati mmoja. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kinachokula umeme njiani, na unakifuata kwa kupima hatua kwa hatua kurudi kwenye relei.

Balbu hiyo usiipeleke kwenye pini nyingine yoyote. Pini ya pili ya hita inaenda kwenye kompyuta, na balbu ikiwa baridi huvuta umeme mwingi wa ghafla. Upande huo una kipimo chake: rudisha soketi, washa injini, pitisha sindano nyembamba ya mita kwa nyuma ya soketi, pale waya unapoingia. Waya mmoja wa hita usome volti za betri, wa pili usome karibu na sifuri wakati kompyuta imeiwasha hita. Zote mbili zikisoma volti za betri, umeme umefika na kupita hita lakini haupati njia ya kurudi: ama waya wa kutoka soketi hadi kompyuta umekatika, ama kompyuta haifungui. Zikisoma sifuri zote, umeme haujafika. Nimesema kwa nyuma ya soketi kwa makusudi. Fundi anayechoma plastiki ya waya kwa sindano ili apime haraka anaacha tundu, na hapa kwetu tundu hilo ni mlango wa chumvi. Baada ya miezi kadhaa waya unakatikia palepale.

Kipimo cha mwisho ni cha ishara yenyewe, na hakina maana mpaka kiungo cha risasi na silikoni kiondolewe. Gari likipata moto, mita ikiwa kwenye volti ndogo, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika na uangalie waya wa ishara. Vitabu vya Toyota vya magari ya rika hili hutaka volti ipande na kushuka angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Ikikaa chini bila kupanda, kabla ya kuilaumu sensa tafuta tundu la ekzosi. Sensa inapima oksijeni, haipimi petroli. Gasketi ya manifodi, pale ekzosi inapofungwa kwenye injini, ikivuja, au plagi moja ikiwa haichomi, hewa isiyoungua inapita mbele ya sensa na kompyuta inadhani mafuta ni machache. Asubuhi ya kwanza ukiwasha, inama usikilize: mlio wa ta-ta-ta unaopungua injini ikipata moto ni ekzosi inavuja, na mara nyingi utaona masizi meusi yamechora pale moshi unapopenya. Wewe una mtetemo, kwa hivyo plagi na koili zitazamwe vilevile, ingawa nadhani mtetemo ni matunda ya petroli iliyozidi.

Sasa wale washauri wako wengine. Masega usiyatoe. P0135 ni ya sensa iliyo kabla ya masega; kuyatoa hakubadilishi chochote kwenye hita yake, na utaongezewa P0420 kwa sababu sensa ya nyuma itaona masega hayafanyi kazi. Wanunuzi wanayataka kwa sababu ndani mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani. Anayekurudishia "pesa kidogo" anajua anachonunua kuliko wewe unavyojua unachouza.

Habari ya petroli yenye risasi ilikuwa kweli enzi zake, risasi ilikuwa ikiua sensa na masega yote. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006. Mafuta ya injini yanayopita kwenye ringi na kuungua, hayo bado yanachafua sensa. Kama unaongeza oili kila mara, mwambie fundi.

Kompyuta ni ya mwisho kabisa. Inawezekana kufa, ila itatuhumiwa baada ya waya kati ya soketi na kompyuta kupimwa na kuonekana mzima, na hapo bado ningetaka maoni ya mtu wa pili. Kompyuta ya mtumba ya gari lingine huweza kuleta shida mpya ya ufunguo kwenye magari yenye kinga ya wizi.

Kuhusu kutengeneza. Kama waya wa gari umeoza, usiungwe pale penye uozo. Ukatwe kurudi nyuma hadi shaba ionekane nyekundu safi, uwekwe kipande kipya. Waya unaodumu zaidi pwani ni wa shaba iliyopakwa bati, ule wanaofungia kwenye boti. Kwa urefu wa kipande unachohitaji gharama si kubwa. Viungo vibanwe kwa koleo lake, vifunikwe mpira unaosinyaa kwa moto, na viachiane nafasi, visikae vyote sehemu moja. Kwenye waya wa gari risasi inaruhusiwa ikifanywa vizuri. Kwenye nyaya za sensa yenyewe, kuanzia soketi kwenda kwenye sensa, hapana risasi, hapana grisi, hapana silikoni.

Sensa, ukifika wakati wa kuinunua, inunue yenye soketi yake ya kiwandani, hata ikibidi iagizwe Mombasa na usubiri. Najua bei yake inauma ukilinganisha na ile ya kuunga. Kama pesa haziruhusu kabisa, ya kuunga inaweza kufanya kazi, ila iungwe kwa viungo vya kubana vinavyokuja nayo, na rangi zisomwe kwenye karatasi yake, si kwa macho. Ya mtumba nisingekushauri tena. Hita inaweza kupimwa dukani, lakini uchovu wa kauri hauonekani kwa omu. Kuifungua, injini iwe na uvuguvugu na dawa ya kulegeza kutu iwe imekaa usiku mzima. Spana ni ya 22, na nyuzi zilizoshikwa na chumvi hazitaki haraka.

Je, uendelee kuliendesha kwenda shule? Kwa P0135 peke yake ningesema endelea hadi mwisho wa mwezi. Kwa harufu ya petroli, hapana, usilikawize. Petroli isiyoungua inaenda kuungulia ndani ya masega, yanakuwa mekundu kwa moto na mwishowe yanayeyuka na kuziba. Na usiegeshe juu ya nyasi kavu, jambo ambalo kiangazi upande wa Gongoni ni rahisi kulisahau. Taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, silinda haichomi; punguza mwendo, simama, piga simu. Na kama harufu ya petroli inaingia ndani ya gari au iko chini ya boneti hata injini ikiwa imezimwa, hiyo si sensa. Ni mpira au kiungo kinavuja, na gari lisiwashwe mpaka fundi aje palepale lilipo.

Fyuzi ikiungua zaidi ya mara moja, au ukikuta nyaya zimeyeyuka na kushikana, acha kupima mwenyewe. Tafuta fundi wa umeme wa magari, si fundi wa injini, na umuulize kwenye simu kama mashine yake inaonyesha volti za sensa injini ikiwa inazunguka au inasoma nambari tu. Magari ya Japani ya miaka hiyo mengine yana soketi ya pini 16 lakini hayaongei na vifaa vya bei rahisi vya kuunganisha na simu, kwa hivyo kifaa chako kikikataa kusoma si lazima kompyuta iwe imekufa. Mpe kazi kwa maneno haya: akupimie waya wa hita kwa balbu, na akuoneshe, kabla hajataja bei ya spea yoyote.

Jambo moja la kufanya kesho, kabla ya hayo yote. Pita kwa yule fundi wa kwanza uulize ilipo sensa iliyotoka kwenye gari mwezi wa Mei, ile iliyokuja nalo kutoka Japani. Ni mali yako. Kama bado ipo, soketi yake ni nzima na hita yake inasoma kati ya 11 na 16, basi huenda ndiyo sensa bora kati ya zote tatu, na waya ukishatengenezwa ianze kurudishwa hiyo. Ipimwe ile ishara ya mara 8 kwa sekunde 10. Ikipita, hakuna cha kununua.